Ushahidi wa Mtu juu ya Nafsi Yake

Kumshuhudia jirani si kazi ngumu. Mtu huulizwa alichokiona, naye hukisema. Lakini siku anapoitwa kuishuhudia nafsi yake mwenyewe, ulimi humwia mzito mno au humwia mwepesi mno. Akizidiwa na haya, husema pungufu ya kweli. Akizidiwa na tamaa, husema zaidi ya kweli. Kati ya pungufu na zaidi pana njia nyembamba, na nia ya insha hii, msomaji, ni kuitafuta njia hiyo pamoja nawe.

Siku ya kuitwa hivyo huwafikia wanafunzi wengi wa shule za sekondari. Huja kwa sura ya karatasi, au kwa sura ya fomu katika kompyuta, nayo huuliza swali linaloonekana jepesi: nje ya darasa ulifanya nini? Nafasi za masomo katika vyuo vikuu vya umma vya Kenya hugawanywa kwa kutazama alama za mtihani na chaguo la mwombaji, na huko swali hili haliulizwi. Lakini anayeomba nafasi katika chuo cha ng'ambo, au anayeomba kusaidiwa karo na mfadhili, aghalabu hana budi kulijibu. Vyuo zaidi ya 1,000, vingi vyao vikiwa vya Marekani, hupokea maombi kwa fomu moja iitwayo Common Application. Fomu hiyo humruhusu mwombaji kutaja shughuli zisizozidi 10, na maelezo ya kila moja hayawezi kupita herufi 150. Kisha humtaka atunge insha isiyozidi maneno 650. Miaka minne ya ujana hutakiwa kuingia katika visanduku ambavyo hata aya hii fupi unayoisoma isingeenea ndani ya kimoja chavyo.

Jambo hili si geni kwetu. Septemba 1959 ndege iliyochukua wanafunzi 81 iliondoka Nairobi kwenda Marekani, katika mpango ulioongozwa na Tom Mboya. Kila msafiri wa namna hiyo, tangu siku zile hata leo, huhitaji kwanza kukubaliwa na watu wasiomjua, wasioijua nyumba yao, wala wasiowahi kuisikia sauti yake. Hujulikana kwa maandishi tu. Ndiyo maana uchaguzi wa neno la kuandika si jambo dogo, na ndiyo maana ni jambo la maadili kabla ya kuwa jambo la ufundi.

Na tulilete swali hili mahali petu. Mtangawanda ni bandari ndogo katika upande wa magharibi wa kisiwa cha Pate, katika visiwa vya Lamu. Mashua zitokazo mji wa Lamu hupita katika mkondo wa Mkanda, kati ya kisiwa cha Manda na bara, ambako yafaa maji yawe yamejaa. Kisha hukata maji ya ghuba na kufika gatini. Maji ya Mtangawanda yana kina, kwa hiyo chombo chaweza kufika hapo hata saa ambazo mbele ya mji wa Pate bahari imekupwa na kuacha matope. Hapo hushuka abiria waendao Pate na Siyu na kwingineko kisiwani, na hapo hushushwa viroba vya unga, mapipa ya mafuta, mifuko ya saruji, na vitu vingi visivyotengenezwa kisiwani.

Tumfikirie kijana mmoja wa mahali hapo. Sitampa jina, kwa sababu simsimulii mtu mmoja. Nasimulia hali iwezayo kuwa ya wengi, na yamkini ikawa yako. Kijana huyu husoma katika shule ya bweni na hurudi nyumbani wakati wa likizo. Ami yake ana mashua ya kuchukua mizigo. Tangu kidato cha kwanza, kila likizo, kijana amekuwa akikaa gatini na daftari mkononi, akiandika mzigo wa nani umeshuka, hamali gani ameubeba, na kila hamali anadai ujira kiasi gani. Jioni huwasomea mahamali hesabu zao, nao hulipwa kwa hesabu hiyo. Wengine kati yao ni wazee ambao hawakubahatika kusoma.

Shuleni nako anayo mambo ya kutaja. Alichaguliwa kuwa mwenyekiti wa chama cha mjadala, chama ambacho mwaka mzima kilikutana mara mbili. Ameandikwa katika timu ya mpira, ingawa aghalabu hukaa nje ya mstari akingoja mwenzake achoke. Siku moja alitoka pamoja na wenzake kuokota taka ufuoni. Walipigwa picha mbele ya kitambaa chenye maandishi makubwa, wakapewa vyeti, wakarudi kabla ya chakula cha mchana.

Fomu ilipomfikia, kijana aliandika chama cha mjadala, akaandika mpira, akaandika usafi wa ufuo. Daftari la gatini hakuliandika. Alijiambia, "Ile ni kazi ya nyumbani, si shughuli."

Tuanze na kosa hili, kwa kuwa ndilo la kwanza na ndilo la wengi. Tumezoea kudhani kwamba jambo halijawa jambo mpaka lipate cheti, muhuri, au cheo. Msichana amlishaye nyanya yake mgonjwa kila alfajiri kabla ya kwenda shule hudhani hana shughuli. Kijana awafundishaye wadogo zake hesabu chini ya taa hudhani hana shughuli. Lakini mwenye kuvaa beji ya chama kilicholala hudhani anazo tatu. Ajabu ni kwamba hata ile fomu ya ng'ambo haina fikira hiyo: katika orodha yake ya aina za shughuli imeweka mahali pa majukumu ya nyumbani na mahali pa kazi ya ujira. Aliyeitunga alijua kwamba kuna vijana ambao saa zao za jioni si mali yao. Ikiwa mgeni wa mbali amelijua hilo, si vema sisi tulio karibu kulisahau.

Kosa la pili ni kubwa kuliko la kwanza. Rafiki mmoja alimshauri kijana wetu aandike juu ya chama cha mjadala, aongeze mikutano, aongeze na ushindi mmoja au miwili. "Ni nani," alimwuliza, "atakayetoka ng'ambo kuja Pate kuhesabu mikutano?" Shauri hili lina nguvu, tena si haki kulidharau. Ni kweli kwamba hakuna atakayekuja. Ni kweli pia kwamba wako waliodanganya wakapata nafasi, na wako waliosema kweli wakakosa. Mwenye kutaka kulijibu shauri hili kwa kutisha kwamba uongo hugunduliwa kila mara, huyo naye anasema uongo. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Lakini mara nyingine hurefuka, na mwongo akafika aendako.

Jibu la kweli lilikuwa katika daftari la kijana mwenyewe. Katika likizo yake ya pili gatini palikuwa na wazee wawili wenye jina moja. Siku ile mashua zilifika kwa mfululizo, kelele zilikuwa nyingi, na kijana aliandika mizigo ya mzee mmoja chini ya jina la mwenzake. Jioni yule mzee alipokea ujira wa nusu siku. Hakusema neno. Alipokea, akashukuru, akaenda zake. Usiku kijana alipojumlisha aliona kwamba hesabu ya viroba haipatani na majina ya wabebaji, akatambua alilolifanya. Alfajiri alikwenda mlangoni kwa mzee.

"Ami," alisema, "jana nimekudhulumu."

"Hapana, mwanangu," mzee alijibu. "Mimi nilihisi ni kidogo, lakini kitabu ndicho kilichosema."

"Kitabu hakikusema, ami. Niliyesema ni mimi."

Alimlipa haki yake. Na tangu siku hiyo, kila alipoandika mzigo aliusoma kwa sauti pale pale, mwenyewe asikie kabla hajaenda kuchukua mwingine.

Lifikiri jambo hili, msomaji. Mzee alinyamaza kwa sababu aliamini kwamba kilichoandikwa ni kweli. Hakuwa na njia ya kukichungua. Nguvu yote ilikuwa kwa mwenye kalamu. Basi yule mtu wa ng'ambo asomaye barua ya mwombaji yuko katika hali ile ile ya mzee. Ni msomi, lakini katika jambo hili ni kama asiyejua kusoma, kwa kuwa haioni gati, haioni shule, wala haoni mikutano ya chama. Ameuweka mkono wake wazi, naye hupokea anachopewa. Kumwambia uongo mtu awezaye kukuchungua ni ujasiri mbaya. Kumwambia uongo mtu aliyekuamini kwa kuwa hana njia nyingine ni kula amana.

Tena mtu wa ng'ambo si peke yake adhulumiwaye. Pengine katika shule nyingine yuko msichana aliyeomba ufunguo wa chumba cha mjadala kila Ijumaa, akafagia, akapanga viti, akangoja wenzake, na mara nyingine wakaja watatu tu. Naye anaomba nafasi ile ile. Kijana wetu akijiandikia mikutano ambayo hakuifanya, anafanya nini ila kuchukua mzigo aliobeba mwingine na kuuandika chini ya jina lake? Ni kosa lile lile la gatini. Tofauti ni kwamba lile la kwanza lilitokea kwa kughafilika, na hili lingekuwa kwa kusudi. Wala msichana huyo hatakuwa na mlango wa kugongewa alfajiri.

Ulimwengu umeshuhudia mfano mkubwa wa jambo hili. Machi 2019 waendesha mashtaka wa serikali ya Marekani mjini Boston walitangaza mashtaka dhidi ya watu 50 katika mpango wa kuwaingiza watoto wa matajiri katika vyuo mashuhuri kwa hila na rushwa. Baadhi ya mitihani ilifanywa au kusahihishwa na mtu mwingine. Baadhi ya watoto walitajwa kuwa wanamichezo wa michezo ambayo hawakuicheza. Wako waliopigwa picha juu ya mashine ya mazoezi ya makasia ili wadhaniwe kuwa wapiga makasia. Kiongozi wa mpango huo alihukumiwa Januari 2023 kifungo cha miaka mitatu na nusu. Sasa mtazame mtoto wa Mtangawanda ambaye ameshika pondo na kafi tangu utotoni, ambaye mikono yake ina sugu, naye haandiki neno juu ya bahari kwa sababu aona haya. Mmoja hakugusa maji akajiita mtu wa maji. Mwingine amekulia majini akalificha hilo. Wote wawili wameiacha njia nyembamba, ingawa hatia zao hazilingani.

Wala usidhani kwamba swali la fomu lenyewe ni mizani iliyoshuka kutoka mbinguni. Lina historia, na historia yake si safi yote. Cecil Rhodes, mkoloni tajiri aliyekufa mwaka 1902, aliagiza katika wasia wake kwamba wapewao ufadhili wake wasipimwe kwa vitabu tu, bali pia kwa michezo, kwa tabia, na kwa kipaji cha kuongoza wenzao. Katika miaka ya 1920 vyuo kadhaa vikubwa vya Marekani, Harvard kikiwa kimojawapo, vilianza kutilia nguvu tabia na hulka ya mwombaji. Na sababu mojawapo ilikuwa kutaka kupunguza wanafunzi wa Kiyahudi, ambao mitihani ilikuwa haiwazuii. Kwa hiyo swali lililotungwa ili kumwona mtu mzima, si alama zake peke yake, limewahi kutumiwa pia kumfungia mtu mlango.

Nakuambia haya kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba ukikataliwa usiione barua ya kukataliwa kuwa hukumu juu ya thamani yako. Ya pili ni kwamba ubovu wa mizani haumpi muuzaji ruhusa ya kutia mawe ndani ya gunia. Mwenye mizani atajibu kwa mizani yake, na mwenye gunia atajibu kwa gunia lake.

Sasa tuizungumze haya, maana pwani yetu huiheshimu sana, na ina haki ya kuheshimiwa. Tumelelewa kwa methali isemayo kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtoto mwenye adabu hajisifu mbele ya wakubwa. Kijana wetu aliposhauriwa na mwalimu wake kuandika juu ya daftari alijibu kwamba itakuwa kujisifu. Jibu lake lilikuwa la adabu, lakini halikuwa sahihi. Methali hiyo ilitungwa kwa soko ambamo mnunuzi hupita mbele ya bidhaa akaiona kwa macho yake. Samaki mzuri wa Kizingitini hana haja ya kupigiwa kelele akiwa juu ya meza. Lakini akiwa ndani ya kikapu kilichofungwa, mwenye kikapu akiulizwa kuna nini ndani, kunyamaza si adabu. Ni kumnyima mwulizaji haki ya jibu.

Kujisifu ni kitu kimoja, na kutoa ushahidi ni kitu kingine. Mwenye kujisifu husema, "Mimi ni mwaminifu, mimi ni kiongozi, mimi ni mchapa kazi." Mwenye kutoa ushahidi husema, "Palikuwa na wazee wawili wenye jina moja, nilikosea, nilikwenda alfajiri, tangu hapo nasoma kwa sauti." Wa kwanza ametoa hukumu na kuficha tendo. Wa pili ametoa tendo na kuiacha hukumu kwa msikilizaji. Mtu mwenye haya aweza kuandika kwa njia hii ya pili bila kuivunja haya yake, na naamini ndiyo njia inayomfaa zaidi. Tena aona kwamba habari yenye nguvu kuliko zote katika daftari lile ni habari ya kosa. Cheti hakina mahali pa kuandika kosa. Ndiyo maana vyeti vingi hufanana.

Lakini hapa pana shimo jingine, na wengi hutumbukia humo wakikimbia majivuno. Husikia kwamba wasomaji wa mbali huguswa na dhiki, basi hukusanya dhiki zote za nyumbani na kuzianika. Huandika paa linalovuja, ugonjwa wa mama, deni la mjane, machozi ya bibi. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na ni kweli kwamba anayehitaji msaada hana budi kusema haja yake. Ukiulizwa kama waweza kulipa karo, sema huwezi, wala usione aibu. Hata hivyo, kusema haja yako ni jambo moja, na kuuza siri ya mwingine ni jambo jingine. Daftari la kijana wetu lilikuwa na madeni ndani yake. Alijua ni nani aliyechukua unga kwa mkopo na ni nani aliyeomba asubiriwe mpaka mwisho wa mwezi. Mambo hayo aliyajua kwa kuwa aliaminiwa. Je, yalikuwa yake ya kusimulia? Hayakuwa. Kosa lilikuwa lake, na aliweza kulisimulia. Umaskini wa jirani haukuwa wake. Aliyepewa ufunguo wa nyumba ili ailinde hawezi kuwatembeza wageni ndani yake kwa ujira.

Pengine utauliza, je, kazi ya gatini ni bora kuliko chama cha mjadala kwa kuwa ni kazi ya jasho? La. Tusianzishe majivuno mapya, majivuno ya umaskini, kama kwamba kila kiroba ni kitakatifu na kila chama ni upuuzi. Kama kijana angekuwa akikaa gatini akipiga miayo huku ndugu yake akiandika, daftari lingekuwa uongo kama mikutano. Na yule msichana wa kila Ijumaa, aandike chama chake kwa kifua wazi, maana amekifanya. Nchini Kenya kuna vilabu vya wanyamapori tangu mwaka 1968, kuna skauti waliowatangulia kwa miaka mingi, kuna mashindano ya muziki na ya maigizo. Vijana wengi wamepata humo moyo wa kazi na urafiki wa kudumu. Swali si wapi ulikuwa. Swali ni kama ulikuwapo kweli.

Basi, kwa kupimia, nakupa maswali matatu. Ukiwa na shughuli nyingi za kuchagua, ziulize moja baada ya moja. Kwanza: ungelifanya jambo hili kama pasingekuwa na fomu, wala cheti, wala picha? Pili: je, ni lako kulisimulia, au ni siri ya mtu mwingine iliyopita mikononi mwako? Tatu: je, lilikubadili, hata ukafanya kesho yake tofauti na ulivyofanya jana? Shughuli ipitayo maswali haya yote iandike, hata kama ni ndogo. Ikiwa mbili zimepita, chagua ile ambayo waweza kuitaja kwa vitu na saa na maneno yaliyosemwa, maana hiyo ndiyo uijuayo. Isiyopita hata moja iache, hata kama ina muhuri wa dhahabu. Naongeza onyo moja: usiyatumie maswali haya siku ya kujaza fomu tu. Mwenye kuyajua mapema hataanza kuokota taka kwa ajili ya picha. Ataokota kwa ajili ya ufuo, au atakaa nyumbani amsaidie mama yake, na katika yote mawili atakuwa na la kusema.

Kisiwa cha Pate hakina uhaba wa watu waliojua kuandika waliyoyajua. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, aliyekuwa mke wa mtawala wa Siyu, alitunga utenzi wa wasia kwa binti yake, naye alikuwa mgonjwa. Hakwenda kutafuta habari za vita wala za wafalme ili aonekane mkubwa. Alishika mambo aliyoyaishi: dini, nyumba, ndoa, na namna ya kukaa na watu. Msomaji wa leo ana hiari ya kukubali baadhi ya mashauri yake na kukataa mengine. Lakini hakuna awezaye kusema kwamba ile si sauti ya mtu aliyekuwapo. Ndiyo sababu utenzi huo ungali ukisomwa na kujadiliwa.

Siku hizi iko hila nyingine. Kuna programu za kompyuta ziwezazo kutunga barua nzima ya maombi kwa muda wa pumzi chache, kwa lugha isiyo na doa. Mwanafunzi huiambia programu aina ya mtu atakaye kuonekana, nayo humtengenezea mtu huyo. Sikatazi mtu kuomba msaada wa kusahihishiwa tahajia. Hata sisi tuliwapa walimu karatasi zetu wazitazame. Lakini programu haikuwapo gatini. Haikuisikia sauti ya mzee mlangoni alfajiri. Ukiiachia ikushuhudie, umemleta mahakamani shahidi ambaye hakuona kitu, nawe umekaa nyuma kana kwamba kesi si yako.

Turudi kwa kijana wetu. Alifuta mikutano, akaacha cheo chake cha mwenyekiti kwa maneno machache ya kweli: alichaguliwa, wakakutana mara mbili, alipaswa kufanya zaidi. Mpira aliutaja kwa alivyoucheza. Usafi wa ufuo aliuacha. Kisha akaandika juu ya daftari. Kabla ya kuipeleka barua alikwenda kwa yule mzee, akamwomba ruhusa ya kusimulia habari yao bila kumtaja jina. Mzee alitaka asomewe kwanza. Kijana alisoma kwa sauti, kama alivyosoma mizigo. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ndivyo ilivyokuwa."

Je, alipata nafasi? Sitakuambia, kwa sababu ungelipima jambo zima kwa jibu hilo. Nikisema alipata, utadhani kwamba kweli ni ujanja mwingine wa kupata, na utaitumia mpaka siku itakapokuwa haifai, kisha utaitupa. Nikisema alikosa, utadhani alipoteza wakati wake. Waombaji ni wengi na nafasi ni chache, na kweli haiahidi malipo. Aliyesema kweli akakosa amekosa nafasi tu. Aliyesema uongo akapata ameingia chuoni akiwa na mtu wa pili ndani ya nguo zake, ambaye sharti amlishe na kumlinda kila aulizwapo habari za zamani, na aishi kwa hofu ya kukutana na mtu wa nyumbani.

Nawe, msomaji, yamkini fomu haijakufikia bado, au haitakufikia kamwe. Hata hivyo swali lake litakufikia kwa njia nyingine: utakapoomba kazi, utakapoomba mchumba, utakapowasimulia wanao habari za ujana wako. Kila mara mtakuwa wawili, mmoja aliyekuwapo na mmoja asiyekuwapo, na asiyekuwapo ataamini yaliyo katika daftari lako. Andika, basi, yale ambayo ukiwasomea kwa sauti watu waliokuwapo watasema, "Ndivyo ilivyokuwa."